Mnachaguaje saluni ya nywele? Na nyie wasusi, mnafanya nini mteja asihame?

MamaPacha

Habari zenu wadau, naomba mnisaidie kwenye hili maana limeniumiza kichwa kwelikweli. Msusi wangu wa siku zote amehama, na mi nywele zangu nilikuwa nimemkabidhi yeye tu, yaani nilikuwa nakaa kwenye kiti nanyamaza, anajua kila kitu. Sasa ninapokaa saluni zipo nyingi zimepangana, kila moja ina bango la ofa, kila moja ina picha za wadada wenye nywele zinang'aa mpaka basi, ukipita tu unaitwa "dada karibu, njoo tukupendezeshe". Kwa nje zote naziona sawa. Na mi nina nywele za dawa, pembeni karibu na masikio zimeanza kuwa nyepesi, kwa hiyo siwezi kuingia tu popote mtu akajifunzie kwenye kichwa changu, nywele zikikatika leo kuzirudisha ni miezi na miezi. Nyie mnaangalia nini kabla hamjakaa kwenye kiti cha mtu? Kuuliza marafiki nimeuliza, kila mmoja ananitajia wa kwake na wote wana nywele tofauti na zangu.

La pili linamhusu mdogo wangu. Kasomea ususi, kafanya kazi kwa watu muda mrefu, sasa kapata fremu yake na anakaribia kufungua. Mipango yake yote ni punguzo: wa kwanza watasukwa nusu bei, ukileta rafiki unaoshwa bure, na kadhalika. Mi sio mfanyabiashara lakini moyo unasita, naona kama atachoka bure na watu wakishamaliza ofa wataondoka zao. Wenye saluni na wasusi, niambieni ukweli, mteja anarudi kwa sababu gani hasa? Nataka nimsomee majibu yenu.

Fundi Vichwa

Pole dada, na hongera kwa mdogo wako. Mi ususi ndo kazi inayonilisha, kwa hiyo nitakwambia vitu ninavyoviangalia hata mi mwenyewe nikienda kutengenezwa na mwenzangu.

Siku ya kwanza usiende na shughuli kubwa. Usiende kuweka dawa wala kupaka rangi kwa mtu usiyemjua. Nenda kuosha na kuseti tu, basi. Kuosha kunakuonesha mkono wa mtu wote. Angalia kama anajaribu maji kwanza kwenye mkono wake kabla hajakumwagia, kama anaweka taulo shingoni usije ukagonga sinki, kama anasugua kwa ncha za vidole au anakwangua kwa kucha. Alafu muangalie anavyochana. Anayejua nywele anaanza chini kwenye ncha, anafungua fundo dogo dogo huku ameshika nywele kwa juu ili ngozi isivutwe, anapanda taratibu kuelekea kwenye mizizi. Anayechomeka kitana kwenye ngozi na kushuka nacho kwa nguvu mpaka kichwa kinaenda nyuma, huyo hata kama saluni yake ina viyoyozi vinne mshukuru, lipa, nenda nyumbani.

Siku ukirudi kwa ajili ya dawa, sikiliza maswali. Msusi wa kweli hawezi kufungua kopo kabla hajakuuliza mara ya mwisho uliweka lini, ulitumia ipi, kama umeshapaka rangi au blichi, kama umejikuna au umesuguliwa kichwa siku mbili tatu hizi, kama una kidonda. Na akishauliza asikuamini, apekue mwenyewe, agawe nywele kwa mkia wa chanuo aangalie ngozi sehemu kwa sehemu mpaka kisogoni. Mi pia huwa nachukua unywele uliolowa nauvuta polepole kati ya vidole. Wenye afya unarefuka kidogo na kurudi, uliochoka unakatika hapohapo au unarefuka bila kurudi. Nikiona hivo siweki dawa, hata mteja akasirike.

Watu wanachukulia dawa poa wakati ni kitu kikali sana. Kiwango chake cha pH, yaani kile kipimo cha asidi na alkali, kiko 12 na zaidi, wakati nywele zenyewe zinapenda kukaa kwenye 4.5 hadi 5.5 hivi. Inafanya kazi kwa kuvunja vifungo vya ndani kabisa vya unywele, na vikishavunjwa havirudi, ndo maana tunasema ziguswe nywele changa tu zilizoota, zile zilizokwisha kunyooshwa zisirudiwe. Nywele zinaota kama sentimita 1 na kidogo kwa mwezi, kwa hiyo ukisubiri wiki 8 mpaka 12 ndo unapata sehemu ya kutosha kuretachi bila kupanda juu ya za zamani. Ukiona saluni inakwambia njoo kila mwezi tuweke dawa, wanajali droo yao ya hela kuliko kichwa chako.

Kwenye kuosha dawa kuna kitu kidogo kiangalie. Shampuu nyingi za kuondolea dawa zimewekwa rangi ya kutoa taarifa, povu likitoka la pinki maana yake dawa bado imo, inabidi kusuuza na kurudia mpaka povu liwe jeupe. Wengi wenye haraka wanaosha mara moja wanakurusha kwenye rola na povu lilikuwa pinki. Nyuma ya masikio na kisogoni ndo huwa inabaki, na ndo pale unakuja kuona vidonda keshokutwa yake.

Kuhusu hizo nywele za pembeni, nakuomba kwa herufi kubwa USISUKE KWA KUBANA kwa sasa. Nywele za mbele na za karibu na masikio ni nyembamba kuliko za utosini, zikivutwa mfululizo zinaanza kuachia. Dalili zake unazijua: maumivu mpaka unalala kwa kuinua shingo, vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, ngozi inavutika ukikunja uso. Ukiacha mapema zinarudi. Ukiendelea miaka, ngozi inatengeneza kovu na mizizi inakufa, hapo hakuna mafuta wala kitunguu kitakachozirudisha. Sasa mwambie msusi mpya "nataka nisukwe nywele ndogondogo nibanwe ziwe safi" alafu usikilize jibu lake. Akisema "sawa kaa", ondoka. Akisema "dada pembeni hapa hazitaki, tuziache nje au tuanzie nyuma kidogo", huyo mshike.

Na hilo ndo jibu la mdogo wako pia. Mteja niliyemkatalia kitu anarudi kuliko niliyemkubalia kila kitu. Anakasirika siku hiyo, anaenda kwingine wanamfanyia, zinakatika, alafu anakumbuka nani alimwambia ukweli.

Kinyozi Mstaarabu

Naomba niongezee upande wa usafi maana dada hapo juu kamaliza mengine ila huku hakugusa, na kwetu wanaume na watoto ndo kwenye shida kubwa.

Mapunye ni fangasi, na wanatembea kutoka kichwa kimoja kwenda kingine kwa mashine, kitana, brashi, mpaka ile nguo ya kufunika. Kwa hiyo mzazi ukimpeleka mtoto kunyolewa, kabla hujaangalia staili angalia kinyozi anafanya nini kati ya mteja mmoja na mwingine. Inatakiwa kwanza afagie nywele zote kwenye meno ya mashine kwa brashi, ndo apulizie dawa, alafu aiache ikae muda ulioandikwa kwenye chupa. Wengi wanapuliza juu ya nywele na mafuta ya mteja aliyetoka, pale dawa haifiki popote. Vitana vinaoshwa kwa sabuni kwanza ndo vinalowekwa, dawa nyingi za kulowekea zinataka kama dakika 10, na maji yake yabadilishwe, yakishakuwa na ukungu na nywele zinaelea hayaui kitu tena. Alafu kile kiboksi chenye taa ya bluu, wateja wanakiamini sana. Mwanga unafanya kazi pale unapogusa tu, kitana kichafu ukikiweka mle kinatoka kichafu kilekile.

Wembe sitaki mjadala. Mpya kwa kila mtu, ufunguliwe kwenye karatasi yake ukiwa unaona. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa angalau siku 7, hata damu ikiwa imekauka na huioni kwa macho. Kwa hiyo kinyozi akikwambia "huu nimeufuta na spiriti" usione aibu kumkatalia. Mi mteja akiniuliza kuhusu wembe huwa nafurahi, namuonesha, na huyo najua atarudi.

Kingine, wanaume wenye nywele za kujiviringisha mnaopata vipele kisogoni, mwambie kinyozi asikunyoe mpaka kwenye ngozi kabisa na asirudierudie na mashine palepale. Vipele vile vikikunwa na kunyolewa vinakuja kuwa vinundu vigumu vya kudumu. Kinyozi mzuri akiviona anakwambia mwenyewe hata hujauliza, anabadilisha namba ya mashine, na kama vinatoa usaha anakwambia kaone daktari wa ngozi kwanza.

Kuhusu wateja kurudi, kwangu mi ni muda. Mwanaume akiambiwa saa moja asubuhi akute mlango uko wazi na mashine ina chaji. Nikisema nakumaliza kabla hujaenda kazini namaliza kweli. Ofa sijawahi kutoa na kiti hakipoi.

Mama Saluni

MamaPacha moyo wako umesita mahali sahihi kabisa, mwambie mdogo wako akae chini asome hili taratibu maana mi nimeajiri wasusi na nimeona biashara hii kwa ndani.

Kabla sijaingia kwenye punguzo nimpe kisa cha kweli. Kuna mwanamke anaitwa Martha Matilda Harper, alizaliwa Kanada mwaka 1857, akapelekwa kufanya kazi za ndani akiwa na miaka 7, kafanya kazi hizo karibu miaka 25. Mwaka 1888 akafungua saluni yake Rochester, Marekani. Enzi hizo wanawake wenye uwezo walikuwa wanatengenezwa nywele majumbani kwao, wazo la kutoka kwenda kuoshwa kichwa mbele za watu lilikuwa jambo la ajabu. Wateja hawakuja. Akafanya nini? Yeye mwenyewe alikuwa na nywele zinafika sakafuni, akaweka picha yake mlangoni, kila anayepita aone. Alafu jirani yake alikuwa mwalimu wa muziki, watoto wanaletwa kujifunza na mama zao hawana pa kusubiri. Akawafungulia mlango, karibuni mkae kwangu. Wakaanza kukaa, wakaona kazi, mmoja akajaribu, ikawa hivo. Na akatengeneza kiti cha kulala kwa nyuma pamoja na sinki lililokatwa sehemu ya shingo, ili mteja aoshwe bila sabuni kumuingia machoni. Kuanzia 1891 akaanza kuwapa wanawake wengine, wengi waliokuwa wafanyakazi wa ndani kama yeye, wafungue saluni kwa jina lake na mafunzo yake, zikafika kama 500.

Sasa hapo kwenye yote aliyofanya sioni nusu bei hata moja. Alionesha nywele za kweli, aliwapa watu pa kukaa wakaona kazi kwa macho yao, akamjali mteja shingo na macho. Mdogo wako akifuata hayo tu kashamaliza nusu ya kazi.

Punguzo la ufunguzi linaleta watu wanaozunguka kutafuta punguzo. Wiki hiyo saluni inajaa, msusi ana vichwa vitatu kwa wakati mmoja, mmoja kwenye draya anaungua masikio, mmoja ana dawa kichwani dakika zinapita hakuna anayeangalia saa, mmoja kasukwa nusu anaangalia ukuta. Wale ambao wangekuwa wateja wako wa miaka wanaingia siku hiyo, wanaona vurugu, hawarudi tena. Umelipa ili watu wakuone vibaya. Kama ni lazima atoe kitu, atoe baada ya mtu kurudi mara kadhaa, na asikate bei, ampe huduma, mfano tritimenti au kukatwa ncha zilizochoka. Hapo unamshukuru mtu aliyekuwa mwaminifu badala ya kumlipa mpita njia.

Alafu anunue daftari. Narudia, daftari, au aandike kwenye simu, lakini aandike. Jina, tarehe, dawa gani na nguvu gani, iliachwa dakika ngapi, ngozi ilisemaje, rangi namba ngapi ilichanganywa na nini kwa kipimo gani, anapenda maji ya vuguvugu au ya baridi, kidonda kilikuwa wapi. Mteja akirudi baada ya miezi miwili ukamwambia "mara ya mwisho hapa kisogoni iliwasha mapema, leo tutaanzia mbele huku tutamalizia" yule mtu hahami. Dada, wewe mwenyewe umesema ulikuwa unakaa kwenye kiti unanyamaza. Ndo hicho watu wanachorudia, kutoeleza upya kila siku.

Bei isemwe kabla mkono haujagusa nywele, yote, pamoja na kuosha na mafuta na kila kinachoongezwa. Mteja akiambiwa kiasi kimoja mwanzoni akadaiwa kingine mwishoni analipa kimyakimya na hasemi kitu, ila ndo umemuona mara ya mwisho.

Na umbea upigwe marufuku. Msusi anayemsimulia mteja A mambo ya ndoa ya mteja B, mteja A anacheka huku moyoni anajua zamu yake inakuja.

Rasta Ndefu

Mi naona mnazungumzia saluni saluni, kiukweli mi nafuata mtu. Msusi wangu akihama mtaa namfuata, akienda kufanyia kazi chumbani kwake nakwenda chumbani kwake. Mkono wa mtu haufundishiki. Kwa hiyo MamaPacha kwanza mtafute huyo aliyehama, labda sio mbali kihivyo, kichwa cha dawa unaweza kusafiri nacho mara moja kwa miezi mitatu.

Mama Saluni

Rasta Ndefu uko sahihi kwa upande wa mteja, na hiyo ndo hofu ya kila mwenye saluni: msusi akiondoka anaondoka na watu. Wengi wanajibu kwa kuwabana, wanawanyima namba za wateja, wanawazuia kuongea nao. Haisaidii, wataondoka wamekasirika na watu watawafuata tu. Nilichoona kinasaidia ni msusi alipwe vizuri asitamani kuondoka, na kazi ipitie mikono zaidi ya mmoja. Huyu anaosha, yule anasuka, daftari wote wanalisoma. Mteja anazoea nyumba nzima. Pia msusi anayelipwa kwa idadi ya vichwa tu atakimbiza, huwezi kumlaumu, ndo ulivyompangia. Mdogo wa MamaPacha akianza kuajiri afikirie hilo mapema.

MamaPacha

Jamani asanteni sana, nimemsomea mdogo wangu kakaa kimya, kafuta nusu ya bango. Aliyehama yuko mbali kweli, nimemuuliza.

Nimeenda saluni mbili kuosha tu kama Fundi Vichwa alivosema. Moja mdada kanichana vizuri sana, kafungua kuanzia chini, kaniuliza maswali mpaka nikashangaa. Ya pili pamependeza mno ila walipoona nywele zangu wakaniambia niachane na dawa, wana ya kisasa ya keratini, haina kemikali, inakaa miezi na inanyoosha bila kuunguza. Kulikuwa na mteja mwingine anafanyiwa, pasi inapita moshi unatoka, macho yakaniwasha nikatoka nje. Hii ni salama kweli? Na mdogo wangu anauliza, mteja akilalamika baada ya siku mbili tatu mnamjibuje?

Mchanganya Rangi

Nijibu hiyo ya moshi maana nafanya kazi na kemikali za nywele kila siku.

Kwanza hakuna kitu kinachonyoosha nywele kwa miezi kikawa hakina kemikali, haipo. Nyingi za hizo za kunyoosha kwa pasi zina formaldehidi au kitu kinachotoa formaldehidi kikipata joto, mara nyingi kimeandikwa methilini glaikoli, ndo maana kopo linaweza kuandikwa halina formaldehidi na bado moshi ukawa nayo. Macho kuwasha, koo kukwaruza, pua kutoka maji, hiyo ndo yenyewe. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka formaldehidi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 2004. Wewe ulikaa mle dakika chache, wafikirie wale wasusi wanaovuta kila siku. Kama saluni inafanya hiyo kitu madirisha yamefungwa na viyoyozi vinazungusha hewa ileile, mi nisingekaa hata kukata kucha.

Na ili nisiwe mtu wa upande mmoja, dawa za kunyoosha kwa ujumla zinachunguzwa. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11, ukakuta waliotumia bidhaa za kunyoosha zaidi ya mara 4 ndani ya mwaka walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi ukilinganisha na wasiotumia. Kwa makadirio yao, kufikia miaka 70 ni asilimia 1.64 kwa wasiotumia na 4.05 kwa watumiaji wa mara kwa mara. Utafiti wa namna ile hauthibitishi kwamba dawa ndo iliyosababisha, na kwa mtu mmoja mmoja bado ni asilimia ndogo, lakini mi kwa hilo tu nawaambia wateja wangu wavute muda, waretachi mara 3 au 4 kwa mwaka badala ya 6, na ambao wako tayari kuacha nawasaidia kuacha taratibu. Msusi atakayekwambia habari hii huku anauza dawa, huyo mshike, usifikirie mara mbili.

Rangi nayo usisahau. Rangi nyingi za kudumu, hasa nyeusi, zina kitu kinaitwa PPD ambacho kinaweza kukuvimbisha uso mpaka macho yafunge, na unaweza kuitumia miaka bila shida alafu siku moja mwili ukakataa. Kwa hiyo kipimo cha saa 48, inapakwa kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, inasubiriwa. Saluni ikikupaka rangi siku hiyohiyo uliyoingia kwa mara ya kwanza bila hata kuuliza, hiyo saluni ina haraka.

Fundi Vichwa

Huyo mdada wa saluni ya kwanza MamaPacha usimuache. Ukirudi mpe historia yote ya kichwa chako, na mwambie za pembeni zipumzike.

Swali la mdogo wako kuhusu malalamiko ni zuri sana, wengi tunafeli hapo. Mteja akipiga simu anasema nywele zinawasha au zimefumuka, cha kwanza muulize ana maumivu, kuna kidonda, kuna uvimbe? Kama kuna uvimbe wa uso au anapumua kwa shida aende hospitali saa hiyohiyo, msijadiliane kwenye simu. Kama amesukwa amebanwa mpaka anaumwa kichwa, mwambie aje leo, kama hawezi mwambie afumue mwenyewe zile za mbele na asubiri. Asimwambie "zitalegea tu, meza dawa ya maumivu", hiyo kauli ndo inaondoa watu nywele.

Kama ni ya kawaida, seti imeanguka, mstari haujanyooka, rangi haijashika sawa, amkaribishe siku yenye nafasi amrekebishie bila kumlipisha, na amuweke kwenye kiti mwenyewe asimwachie mwanafunzi. Asibishane mbele ya wateja wengine. Na asimuulize "kwani uliosha na nini?" kwa sauti ya kumshitaki, aulize kwa upole maana jibu analihitaji kweli kwa ajili ya daftari.

Kingine cha kumwambia, wengi hawapigi simu kulalamika, wanapotea tu. Mi huwa natuma ujumbe siku ya pili au ya tatu baada ya dawa au kusuka, mfupi, "habari dada, ngozi inaendeleaje, hakuna panapouma?" Simtumii tangazo, namuuliza kichwa chake. Kwenye majibu ndo unagundua vitu ambavyo usingeambiwa kwenye kiti.

Mama Saluni

Hiyo ya ujumbe naunga mkono kabisa. Na kabla mteja hajatoka mlangoni amwambie tarehe ya kurudi kulingana na nywele zake, mfano "wewe usije kuweka dawa kabla ya wiki 10, ila njoo wiki ya nne tukate ncha na tuoshe". Aiandike. Wiki moja kabla amkumbushe.

Picha aweke za wateja wake mwenyewe, kwa ruhusa yao, na aweke na za baada ya wiki mbili tatu sio za siku ya kutoka tu, kila nywele inapendeza ikitoka kwenye kiti. MamaPacha wewe nenda kawe mteja wake wa kwanza kwa bei kamili, ukae hapo dirishani siku za mwanzo ukitengenezwa.

MamaPacha

Nitakaa dirishani. Kashanunua daftari, ukurasa wa kwanza kaandika jina langu na chini yake "pembeni pasiguswe mpaka zirudi".